Simu ya Upepo kwa Safari za Porini

Simu ya upepo, au redio kol kama madereva wengi wanavyoiita, ina kazi moja kubwa katika msafara wa magari: kuunganisha watu walio karibu vya kutosha kusaidiana lakini wasioonana. Njia ya kutoka Iringa kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha inaonyesha haja hiyo vizuri. Kutoka mjini hadi Msembe, yaliko makao makuu ya hifadhi, ni takribani kilometa 130, na wakati wa kiangazi vipande vya vumbi haviruhusu magari kufuatana kwa karibu. Dereva wa nyuma akimsogelea mwenzake haoni shimo, mbuzi wala bodaboda. Akijivuta nyuma hadi vumbi litulie, tayari ameachwa nusu kilometa au zaidi. Wa mbele akichukua mkono wa kushoto kwenye njia panda, wa nyuma anaweza kunyoosha kulia, na msafara ukagawanyika bila mtu kujua mpaka saa nzima ipite.

Ndani ya hifadhi haja hiyo huongezeka kwa sababu ya kanuni. Gari haliruhusiwi kuacha barabara, na abiria hawaruhusiwi kushuka ila mahali palipotengwa. Dereva anayesita mbele ya mchanga wa mto Mwagusi hawezi kutembea hadi gari la nyuma kuomba ushauri kama ambavyo angefanya kijijini. Anauliza redioni, au anabahatisha.

Mahali pengine pa kufikiria ni barabara ya kupanda kutoka Chimala, kando ya Barabara Kuu ya TANZAM, hadi Matamba na kuendelea juu kwenye uwanda wa Kitulo. Wenyeji huiita Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake. Ni nyembamba, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili korongo, na malori ya viazi hushuka yakiwa yamejaa. Gari linalotangulia likikutana na lori huwaeleza walio chini kwa maneno machache: “Gari la pili, hapa la kwanza. Fuso linashuka, lipo kona ya juu yako. Simama hapo penye upana.” Jibu nalo ni fupi: “Nimekupata, nasimama.” Mazungumzo hayo hayafikishi sekunde kumi, lakini yanaokoa kazi ya kurudi kinyumenyume mita mia mbili kwenye ukingo usio na kizuizi.

Yote hayo ni mawasiliano ya masafa mafupi, na mnunuzi hana budi kulikubali hilo kabla ya kutoa fedha. Wengi hununua simu ya upepo wakidhani itawaokoa pale mtandao wa simu za mkononi unapokatika, kwa mfano nyuma ya safu ya Kipengere au ndani kabisa ya Ruaha, hifadhi ambayo tangu kuunganishwa na Usangu mwaka 2008 ina kilometa za mraba zipatazo 20,000. Haitawaokoa. Kifaa cha mkononi kinachofika kilometa tano hakina faida kwa mtu aliyekwama peke yake kilometa sitini kutoka kwenye masikio ya yeyote anayesikiliza masafa yake. Gari linalosafiri peke yake halihitaji simu ya upepo. Linahitaji kifaa cha setilaiti. Vifaa vidogo vya ujumbe kama Garmin inReach hutumia mtandao wa Iridium, wenye setilaiti 66 zinazozunguka dunia nzima, na hupeleka ujumbe wa dharura pamoja na mahali mtumaji alipo hata pasipo na mnara wa simu. Havifai kuonyana kuhusu fuso, kwa kuwa ujumbe huweza kuchukua dakika kadhaa. Kila kimoja kina kazi yake, na bajeti inayoruhusu kimoja tu iamuliwe kwa swali hili: safari itakuwa na magari mangapi?

Kitu kinachoamua umbali wa simu ya upepo ni ardhi, kisha antena, na wati huja mwisho. Mawimbi ya VHF na UHF, ambayo ndiyo yanayotumiwa na karibu redio zote za aina hii, husafiri kwa kunyooka na kupinda kidogo tu kufuata mviringo wa dunia. Ipo hesabu rahisi ya kukadiria upeo wake kwenye ardhi tambarare: kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, mara 4.12, hutoa kilometa. Mtu aliyesimama ameshika redio kwenye kimo cha mita 1.5 ana upeo wa kilometa tano. Wawili wa namna hiyo wanaweza kusikilizana hadi kilometa kumi kama hakuna kitu kati yao. Antena iliyo juu ya paa la gari, mita mbili kutoka ardhini, hutoa upeo wa kilometa karibu sita kwa kila gari. Hizo ni kilometa za mahali kama mbuga za Usangu wakati wa kiangazi. Penye miti, mawe na vichuguu zinaweza kupungua hadi nusu au robo.

Nyanda za Juu Kusini huivuruga hesabu hiyo kwa pande zote mbili. Gari lililo ukingoni mwa uwanda, likilitazama bonde la Usangu lililoko mita 900 chini, lina upeo wa kilometa zaidi ya 120. Kwa wati tano tu dereva wake anaweza kusikika sehemu kubwa ya bonde, na yeye atasikia mazungumzo ya watu asiowajua walio mbali sana. Gari hilohilo likisogea mita mia tano ndani ya uwanda, ukingo unakuwa ukuta, na walio Chimala hawamsikii tena hata akipiga kelele. Kitulo kwenyewe, kwenye mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, ni nyasi tupu na mawasiliano ni mazuri kutoka kilima hadi kilima, lakini gari likishuka kwenye kibonde cha kijito hupotea kama limezimwa. Kadhalika kuuzunguka Mlima Rungwe: magari mawili yaliyo pande mbili za mlima hayatasikilizana, na hakuna redio ya dukani itakayotoboa mwamba huo.

Ndiyo sababu minara hujengwa vileleni. Loleza, kilele chenye mita 2,656 kinachoutazama mji wa Mbeya kutoka kaskazini, kina minara ya mawasiliano. Taasisi na kampuni zenye mtandao wao huweka mahali pa aina hiyo chombo kiitwacho ripita, ambacho hupokea sauti kwenye masafa fulani na kuirusha upya kwenye masafa mengine kwa nguvu. Msafiri wa mara mojamoja hana ripita. Sifa anayosimuliwa na rafiki wa kampuni ya ujenzi, kwamba redio yao hufika kilometa tisini, ni sifa ya mlima na ya mtu aliyelipia mnara juu yake.

Baada ya ardhi, swali linalofuata ni VHF au UHF. VHF za mkononi na za magari huwa kati ya megahezi 136 na 174; UHF huwa kati ya 400 na 470 hivi. UHF ina antena fupi na hupenya vizuri zaidi ndani ya majengo, ndiyo maana hoteli na walinzi wa maghala huipenda. Nje ya mji mizani huelemea VHF. Mawimbi yake ni marefu zaidi, yapata mita mbili, na hayamezwi sana na majani mabichi, jambo lenye uzito katika misitu ya miombo ya Iringa na Chunya baada ya mvua. Pia hujipinda kidogo zaidi juu ya vilima vidogo. Tofauti hiyo haionekani kwa magari yaliyoachana mita mia tatu. Huonekana pale moja linapokuwa nyuma ya kilima na jingine limeshavuka bonde. Kwa hiyo kundi linaloanza upya lichague VHF, na mwenye marafiki wenye UHF tayari anunue UHF, maana redio mbili za masafa tofauti hazizungumzi hata zikiwekwa meza moja.

Vitabu na video za nje hupendekeza vitu ambavyo havina budi kuangaliwa kwa tahadhari. Nchini Marekani madereva wa porini walitumia kwa miongo mingi redio za CB za megahezi 27, zenye chaneli 40, na sasa wengi wamehamia UHF. Australia wana CB yao ya UHF karibu na megahezi 477, Ulaya wana PMR446 yenye wati nusu tu, na vilabu vya Afrika Kusini hutumia megahezi 29, masafa ambayo baadhi ya magari yanayopita Tunduma kuelekea kaskazini huyabeba. Kila mpangilio umeruhusiwa na sheria ya nchi yake. CB ina tatizo jingine la kimaumbile: robo ya wimbi lake ni mita 2.75, kwa hiyo antena kamili ni fimbo ndefu kupita kimo cha gari lenyewe, na zilizofupishwa hupoteza nguvu nyingi. Isitoshe, jua linapochangamka, kama lilivyofanya mwaka 2024 lilipofikia kilele cha mzunguko wake wa takribani miaka 11, masafa hayo hujaa sauti za watu wa mabara mengine huku gari la nyuma halisikiki.

Tanzania masafa ya redio husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kanuni ya msingi ni kwamba mtumiaji wa masafa awe na leseni, na kifaa chenyewe kiwe cha aina iliyoidhinishwa. Kupatikana kwa redio sokoni Kariakoo au Mwanjelwa si idhini ya kuitumia. Tatizo limekuzwa na redio za bei nafuu kutoka China, maarufu zaidi ikiwa Baofeng UV-5R iliyoingia sokoni mwaka 2012. Kwa vidole vichache kwenye vibonyezo vyake, mtu yeyote anaweza kuiweka kwenye masafa ya polisi, ya gari la wagonjwa au ya askari wa hifadhi, na kuwaingilia bila kujua. Askari anayefuatilia majangili Ruaha na familia inayobishana kuhusu mahali pa kula mchana hawapaswi kukutana kwenye chaneli moja.

Kwa msafiri njia halali ni tatu, na zote huanzia ofisini, si dukani. Anaweza kwenda ofisi ya TCRA ya kanda, iliyoko Mbeya, akaeleza matumizi yake, idadi ya redio na maeneo, na kuomba masafa yake pamoja na leseni. Anaweza kuuliza hapohapo ni vifaa gani vya nguvu ndogo vinavyoruhusiwa bila leseni ya masafa na kwa masharti gani, kisha anunue hivyo tu. Au anaweza kukodi redio kutoka kwa kampuni ya utalii au ya mawasiliano iliyo na leseni na masafa yake, na huko kukodi ni pamoja na kupangiwa chaneli. Kwa mtu anayekwenda Ruaha mara moja kwa mwaka, njia ya tatu ndiyo yenye akili zaidi: hakuna ada ya mwaka inayolipwa kwa redio iliyolala kabatini, na kosa la kuweka masafa si lake. Leseni ya Tanzania haivuki mpaka. Safari inayoendelea Malawi kupitia Kasumulu, au Zambia kupitia Tunduma, inaingia chini ya mamlaka nyingine, na redio huzimwa hadi idhini ya huko ipatikane.

Sasa wati. Maboksi huandikwa kilometa hamsini na hata zaidi, na huenda ni kweli kutoka kilele hadi kilele. Kwenye ardhi ya kawaida kuongeza nguvu mara kumi, kutoka wati tano hadi hamsini, huongeza umbali kwa chini ya mara mbili. Kupandisha antena kutoka ndani ya gari hadi juu ya paa mara nyingi huzidi hapo, kwa gharama ndogo sana. Redio ya mkononi inayotumiwa ndani ya gari lililofungwa vioo imezungukwa na bati. Sehemu kubwa ya nguvu yake hubaki humohumo, na anayeishika akainama kuangalia ramani huongeza mwili wake kwenye kizuizi. Wati tano zinatosha kwa msafara. Muhimu zaidi ni kuwepo kwa kitufe cha kushusha nguvu hadi wati moja, kwa sababu magari yakiwa karibu nguvu ndogo hutunza betri na haiwasumbui walio bondeni.

Hapo ndipo antena inapostahili fedha zaidi ya redio. Antena ya robo wimbi kwa VHF ya megahezi 150 ina urefu wa sentimita 50 hivi, na iliyo na sumaku chini huwekwa juu ya paa bila kutoboa kitu. Katikati ya paa ndipo mahali pake bora, kwa sababu bati lililotandazwa pande zote ni nusu ya pili ya antena yenyewe. Ikibandikwa pembeni mwa boneti hutupa nguvu zaidi upande mmoja na kusahau mwingine. Sumaku ina mipaka miwili inayojulikana kwa mafundi wa huku. Kwanza, Land Rover Defender na 110 za zamani zina bodi ya aluminiamu, na sumaku haishiki kabisa. Hizo zinahitaji kishikilio cha chuma kilichofungwa kwa bolti na waya mfupi wa kukiunganisha na bodi. Pili, Land Cruiser yenye keria iliyobeba tairi la akiba, madumu na hema haina paa lililo wazi, na antena iliyolazwa kati ya mizigo ni sawa na kutokuwa nayo. Katika hali hiyo kishikilio hufungwa kwenye ubavu wa mbele wa keria ili ncha ipande juu ya mizigo yote. Tawi la mgunga likiipiga, antena yenye springi hurudi mahali pake. Isiyo na springi huondoka na kipande cha keria.

Waya wa antena ni mahali pa kasoro nyingi kuliko redio yenyewe. Huingizwa kupitia mpira wa mlango, na mlango wa gari la porini hufungwa kwa kishindo mara hamsini kwa siku. Baada ya safari mbili tatu waya umebanwa, maji yameingia, na redio inapokea lakini haisikiki mbali. Fundi mwenye mita ya SWR hugundua hilo kwa dakika chache: mita inayosoma karibu na 1.5 au chini yake ni nzuri, na inayovuka 3 inasema nguvu inarudi redioni badala ya kwenda hewani. Kuendelea kuzungumza hivyo kunaweza kuunguza sehemu ya redio inayorusha mawimbi.

Mnunuzi huchagua kati ya redio ya mkononi na ya kufungwa ndani ya gari. Ya kufungwa hutoa wati 25 hadi 50, ina spika kubwa na haimalizi betri, lakini hushuka na gari. Mtu akitembea kupima kina cha kijito anaiacha nyuma. Kwa matumizi ya mara mojamoja, hasa kwa gari la kuazima au la kukodi, uamuzi wa busara ni redio ya mkononi inayokubali kuunganishwa na antena ya paa na maiki ya kuning'iniza. Dereva hashiki redio, anabonyeza maiki tu, na akishuka anachomoa waya na kurudisha antena fupi ya mpira. Kiunganishi cha antena kikaguliwe dukani, kwa kuwa watengenezaji hutumia aina tofauti. Kiunganishi cha kati kilicho cha bei ndogo, kikining'inizwa na waya mzito, huvunja shingo ya redio.

Anayechagua redio ya kufungwa lazima ajue umeme wa gari lake. Redio nyingi za magari hutaka volti 12, na ya wati 50 huvuta ampea kumi hivi inapozungumza. Soketi ya kiberiti cha sigara haimudu hilo kwa muda. Nyaya ziende moja kwa moja kwenye betri, na kila waya uwe na fyuzi karibu na betri. Mtego mkubwa zaidi upo kwenye magari yaliyotumika kutoka Japani. Baadhi ya Land Cruiser za zamani za dizeli zilizotengenezwa kwa soko la huko zina mfumo wa volti 24, na malori karibu yote ni hivyo. Kuona betri mbili chini ya boneti hakutoi jibu, kwa sababu zinaweza kuwa zimeunganishwa kutoa 12 au 24. Mfumo upimwe kwa mita kabla ya redio kuguswa. Kuchukua umeme kutoka betri moja kati ya mbili za mfumo wa 24 ni njia ya mkato inayopendwa gereji, nayo huua betri hiyo mapema. Kifaa cha kushusha volti ndicho suluhisho.

Kwa vumbi na maji, namba ya IP ndiyo inayosomwa. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IP54 huvumilia vumbi na marashamarasha, IP67 hairuhusu vumbi kuingia kabisa na huhimili kuzama mita moja kwa nusu saa. Vumbi jekundu la Iringa ni laini na hupenya penye mpira uliochoka, kwa hiyo 6 ya kwanza ina maana zaidi kuliko matangazo ya kuogelea. Vitufe viwe vikubwa vya kutosha kubonyezwa na mtu anayerushwarushwa kwenye kiti, na kiwepo cha kufunga vibonyezo ili chaneli isibadilike mfukoni. Betri ya lithiamu hupoteza sehemu ya uwezo wake kwenye baridi. Usiku wa Juni au Julai kule Kitulo unaweza kukaribia kuganda, na redio iliyolala ndani ya gari huamka ikiwa imechoka. Ilazwe ndani ya mfuko wa kulalia.

Tarakimu za toni, zinazotangazwa na wauzaji kama chaneli za siri, si siri. Toni huifanya redio ya msikilizaji inyamaze mpaka isikie alama ya kundi lake, lakini mtu mwingine aliye kwenye masafa hayo anasikia kila neno. Zinafaa kupunguza kelele za jirani, na shida yake ni kwamba redio moja yenye toni isiyolingana huonekana kama imeharibika. Redio za kidijitali za mfumo wa DMR, kiwango kilichotolewa Ulaya mwaka 2005, hutoa sauti safi hadi karibu na ukingo wa upeo, kisha hukatika ghafla. Ile ya analogi huanza kukwaruza mapema na kumpa dereva onyo kwamba mwenzake anaachwa. Kwa msafara onyo hilo ni la thamani. Analogi inatosha.

Zipo pia redio zinazotumia laini ya simu, zinazouzwa kwa ahadi ya kufika popote duniani. Ahadi ni ya kweli mahali penye mtandao. Kati ya Mbeya na Iringa barabarani zitafanya kazi vizuri, na hapo ndipo hazihitajiki. Redio za HF za kampuni kama Codan na Barrett, zenye antena ndefu zinazoonekana kwenye magari ya mashirika ya kimataifa, hutumia anga ya juu kurudisha mawimbi chini na kuvuka milima kwa mamia ya kilometa. Huduma ya madaktari wa ndege ya AMREF, iliyoanzishwa mwaka 1957, ilizijenga kuwa mtandao wa hospitali za mbali za Afrika Mashariki. Bei, ukubwa na ujuzi unaotakiwa huziondoa kwenye orodha ya msafiri wa likizo.

Redio hupimwa kabla ya safari, na kwa hali ya kweli. Iringa mjini mahali pazuri ni jiwe la Gangilonga: mmoja hukaa juu na redio, mwingine huendesha kushuka hadi Ipogolo na kuendelea mbele, wakiitana kila baada ya kilometa moja huku wakiandika ni wapi sauti ilianza kukwaruza. Jaribio lirudiwe antena ya paa ikiwa imechomolewa. Tofauti itakayoonekana ndiyo itakayowafanya wasiiache nyumbani. Hapohapo watu hukubaliana chaneli kuu, chaneli ya akiba na saa za kuitana endapo mtu atapotea, kwa mfano kila inapofika saa kamili, redio ikizimwa katikati ili betri idumu.

Lugha ya redioni ni fupi. Anayeitwa hutajwa kwanza, kisha anayeita. Kitufe hubonyezwa, sekunde moja hupita, ndipo neno la kwanza hutamkwa. Wasiosubiri hukatwa silabi za mwanzo, na “usivuke” hufika kwa mwenzake kama “vuke”. Kwa sababu hiyo amri za hatari zisitegemee kiambishi cha kukanusha. “Simama” ni bora kuliko “usije”. Magari hupewa namba kwa nafasi ya kuanzia, na namba hizo hazibadiliki hata la tatu likitangulia. Gari la mwisho liwe na redio nzuri kuliko zote na dereva mzoefu, kwa kuwa ndilo litakalomkuta aliyekwama.

Kati ya safari na safari, betri ya lithiamu huhifadhiwa ikiwa na nusu ya chaji, nje ya redio, mahali pasipo joto. Iliyoachwa tupu kwa mwaka inaweza isipokee chaji tena. Mpira wa kiunganishi cha antena hufutwa vumbi, sumaku hutenganishwa na chembe za chuma ilizozinasa, na waya hukunjwa kwa duara pana bila kukatwa kona. Orodha ya masafa yaliyoruhusiwa na tarehe ya kuisha kwa leseni hubandikwa ndani ya boksi la redio, penye chaja.